Sura ya Tisa: Beseni la Buluu

Mkahawa wa marehemu Kimeu uliitwa Nonna, jina ambalo kwa Kiitaliano ni nyanya, yaani bibi. Watu wa mji wa Salama waliposoma kibao walidhani wanaahidiwa kunona, wakajaa. Hawakudanganywa. Kimeu alikuwa amewapikia Waitaliano wa Malindi miaka kumi na tisa, akarudi nyumbani na mapishi yao pamoja na kanuni moja: hakuna sahani ya mtu binafsi. Tambi na nyama zilikuja kwa masinia, zikawekwa katikati ya meza ndefu, na kila mtu akachota kulingana na njaa yake na aibu yake. Ukoo mzima ungeweza kula hapo baada ya kanisa, na aliyekosa mnofu ajilaumu mwenyewe kwa kuomba baraka ndefu.

Jumatatu hiyo hakukuwa na wa kunona. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, miguu juu, kama mizoga wakati wa kiangazi. Nje malori ya Mombasa yalipita yakitikisa madirisha, na kila yalipotikisa, glasi za mvinyo kwenye rafu ya kaunta zilitoa mlio mdogo, kama meno ya mtu mwenye baridi.

Simu ya Sajini Wavinya ililia saa sita na robo. Alikuwa Inspekta Kilonzo, mkuu wa kituo.

"Wavinya, gari linatoka hapa saa nane kamili. Abdisamad atasimama mbele ya hakimu na kusomewa mauaji. Ukiwa na neno, liseme kabla ya saa nane."

"Na nikichelewa dakika tano, bosi?"

"Utamwambia jaji. Nasikia wana subira kuliko mimi."

Akakata.

Wavinya hakumlaumu sana. Kesi yenyewe ilikuwa imejipanga kama ya kitabu. Jana mchana Kimeu alitoka jikoni na sinia la mbuzi, akaliweka mbele ya wageni tisa, akarudi jikoni, na robo saa haikuisha kabla hajaanguka sakafuni akitokwa na povu. Alifia njiani. Daktari alisema ni dawa ya kuua kupe, ile ya kuogeshea mifugo. Wageni tisa walikula masinia yote na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Chupa moja ya mvinyo ilifunguliwa, Mzee Mwau akanywa nusu yake peke yake, na leo alikuwa mzima kiasi cha kulalamikia bei ya sukari.

Basi sumu haikuwa mezani. Ilikuwa jikoni. Na jikoni, mbali na Kimeu, kulikuwa na mpishi mmoja tu: Abdisamad, kijana wa Garissa, ambaye familia yake iliuza mbuzi sokoni na kuleta nyama hapo Nonna. Abdisamad ndiye aliyempikia Kimeu chai ya iliki kila mchana. Mkoba wake ulikutwa na chupa ya dawa ya kupe. Na Jumamosi watu watatu walimsikia akimwambia Kimeu, "Shemasi, hiyo chupa itakuua siku moja."

Wavinya alikuwa amehamishwa kutoka Kitui mwezi mmoja uliopita, na alijifunza mapema kwamba kesi inayojipanga yenyewe kuna mtu aliyeipangia viti.

"Madam, samahani tena."

Alikuwa Mutie, mhudumu wa mvinyo. Kijana nadhifu, shati jeupe hata siku ya msiba, taulo dogo limekunjwa kwenye mkono wa kushoto. Alisomea kazi hiyo chuo cha hoteli, na alitembea kama aliyemeza fimbo ya pazia.

"Sema, Mutie."

"Ni jikoni. Tangu jana kumefungwa na ule utepe wenu. Vyombo vichafu viko ndani, inzi wamejaa. Kama ungeniruhusu dakika kumi tu nioshe."

"Hii ni mara ya tatu unaniomba kuosha vyombo. Mama yako alikulea vizuri. Mimi kaka zangu ningewaomba mara tatu na bado sufuria ingeota ukungu."

Mutie alitabasamu kidogo. "Sikulelewa na mama, madam. Nililelewa na mchungaji, Machakos."

"Ndiyo maana. Ngoja kwanza. Hao inzi hawajaandika taarifa."

Mzee Mwau alikuwa ameketi mahali pale pale alipoketi jana, mwisho wa meza ndefu, mgongo kwa ukuta. Alikuwa amevaa koti zito kwenye joto lile, na fimbo yake ilikuwa imelala mezani kama mgeni wa kumi. Wavinya aliteremsha kiti, akaketi karibu naye.

"Mzee, nisamehe nikikurudisha nyuma. Jana mlikuwa watu tisa. Wangapi walikunywa mvinyo?"

"Mimi peke yangu. Wale wengine wote wameokoka." Alikohoa kicheko kifupi. "Hata mimi nimeokoka, lakini Paulo alimwandikia Timotheo anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na mimi nina tumbo kama la Timotheo."

"Na Kimeu? Alipotoka jikoni, alikula kitu hapa mezani?"

"Hakula."

"Alikunywa?"

"Hakunywa kitu. Kimeu shemasi? Hata soda hakugusa."

Wavinya aliandika. Lilikuwa jibu la tisa la aina hiyo. Wageni wote, mmoja baada ya mwingine, walisema hivyo hivyo bila kupepesa jicho: Kimeu hakunywa kitu. Mutie naye alisema hivyo, ila yeye aliongeza, "Nina hakika, madam. Nilikuwa nimesimama pale pale."

"Tutamaliza saa ngapi, mwiitu wakwa?" mzee akauliza, akimwita 'binti yangu' kwa Kikamba. "Kesho asubuhi nina kesi ya shamba, lile la Mukuyuni. Mjane wa Mutiso anasema mpaka ulipita kwenye mkonge, mimi nasema ulipita kwenye mto. Waliouona ukiwekwa wamekufa wote, nimebaki mimi."

"Na ukikosa kwenda?"

"Nikikosa, mkonge unashinda." Akatabasamu kwa meno manne. "Ila mimi huwa sikosi. Mama huyo alibaki na mtoto mdogo wa kiume, akachukuliwa na mtumishi wa Mungu akalelewa mbali. Nilimwonea huruma yule mtoto. Lakini huruma haihamishi mto."

Wavinya alifunga daftari. Saa saba kasoro dakika kumi.

Nje, chini ya paa la mabati lililotupa kivuli chembamba, dada yake Abdisamad alikuwa ameketi juu ya kreti la soda. Ismahan ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kaunta ya Nonna siku za Jumapili. Hakuna aliyemhoji. Kilonzo alisema ushahidi wa dada ni kama hukumu ya mama mkwe: unajua itakavyokuwa kabla hajafungua mdomo.

"Afande," Ismahan alisema bila kusimama, "wakimpeleka kortini leo, harudi. Unajua hivyo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako. Ile chai."

"Chai tulikunywa wote. Chupa moja ya chai, vikombe vitatu. Mimi, yeye, Kimeu. Mbona sikufa?"

"Na ile dawa kwenye mkoba?"

"Nyumbani tuna mbuzi arobaini. Ungekuta poda ya usoni ndiyo ungeshangaa."

Wavinya alitaka kucheka, akajizuia. "Na ile 'chupa itakuua'?"

"Hiyo ni utani wao wa kila siku. Ndugu yangu hagusi pombe hata ya kupikia. Kimeu akitaka kutia mvinyo kwenye mchuzi, anatia mwenyewe, kwa sufuria yake, kwa mwiko wake. Kimeu alikuwa anamwambia, 'Abdi, utakufa hujaonja raha.' Naye anamjibu, 'Shemasi, hiyo chupa itakuua.' Halafu wanaenda kula pamoja." Alifuta jicho kwa ncha ya mtandio, haraka, kama anayefukuza vumbi. "Walikuwa wanabishana kama mume na mke wa zamani. Na jana, nilivyomwona anakunywa, nikasema moyoni, leo ndugu yangu atapata la kumchokoza mwezi mzima."

Kalamu ya Wavinya ilisimama.

"Ulimwona nani anakunywa?"

"Kimeu."

"Wapi?"

"Hapo ndani, mbele ya mzee. Si kila mtu aliona?"

"Niambie taratibu. Kama mtu ambaye hakuwepo."

"Mutie alikuwa amefungua chupa. Akamtilia mzee kidogo, vidole viwili, akarudi nyuma akasimama. Kimeu akafika na sinia. Akaweka sinia, akaona ile glasi ya mzee, akaichukua, akanywa yote, akasema kitu kwa Kikamba, wazee wakacheka. Halafu akaondoka nayo jikoni. Mutie akamletea mzee glasi nyingine."

"Glasi ya kwanza ilikuwa ya mzee? Si ya Kimeu?"

"Kimeu alitoka jikoni na sinia mikono miwili. Glasi angeibeba na nini, na kichwa?" Ismahan alikunja uso. "Na yule Mutie alimshika mkono. Nilidhani atamnyang'anya. Uso wake ulibadilika. Nikasema, hawa watu wa chuo cha hoteli wana hasira na sheria zao."

Lori lilipita. Wavinya alisubiri lipite lote, trela na mkia wake, kabla ya kusimama.

Aliporudi ndani hakuketi.

"Mzee Mwau. Jana, kabla hujanywa, Kimeu alikuonjea?"

"Aa, hiyo? Ndiyo, alinionjea."

"Nilikuuliza kama alikunywa, ukasema hakunywa."

Mzee alimtazama kwa masikitiko, kama mwalimu anayemwona mtoto wa darasa la nane amekwama kwenye kujumlisha. "Mwiitu wakwa, wewe ni wa wapi?"

"Kitui. Nyanya yangu alikuwa anatengeneza kaluvu."

"Basi nyanya yako alimpa mgeni kinywaji kabla hajaonja mwenyewe?"

Wavinya alikumbuka. Nyanya hakuwahi. Nyanya alichovya kibuyu, akapiga funda moja mbele ya macho ya mgeni, akafuta mdomo, ndipo mgeni akapokea. Kaluvu ni pombe ya asali, na isiyoonjwa na mwenyeji ilikuwa tusi, au jambo baya kuliko tusi. Na kama ungemwuliza nyanya jioni kama amekunywa leo, angekufukuza na mwiko, kwa sababu alikuwa mama wa kanisa.

"Hiyo si kunywa," mzee akasema. "Hiyo ni adabu. Kimeu alisema, 'Mzee hapewi kitu kwangu bila mimi kutangulia.' Alikuwa mtu wa..."

Akaacha. Mkono wake, uliokuwa ukichezea fimbo, ulitulia. Alitazama mezani mbele yake, mahali ambapo jana glasi ilikuwa imesimama. Wavinya aliona hesabu ikipita usoni mwa mzee, polepole, tarakimu moja moja, hadi mwisho. Mzee aliinua macho, akatazama upande wa kaunta, alikokuwa Mutie akipangusa glasi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Keti hapa, mzee," Wavinya alisema chini chini. "Nakwenda jikoni. Sitakawia."

"Sina haraka," mzee akajibu. "Kesi yangu ni kesho."

Alipopita kaunta aliinua macho kwenye rafu. Glasi za shingo ndefu zilikuwa nne, na moja mkononi mwa Mutie.

"Mnazo ngapi, Mutie?"

"Tano, madam. Moja ilivunjika zamani."

"Pole yake."

Alikata utepe. Jiko la Nonna lilikuwa na harufu ya kitunguu kilichochoka. Inzi walikuwepo, ni kweli. Mutie hakudanganya kwa hilo. Ukutani, juu ya jiko la gesi, vilitundikwa vyeti vya afya vya wafanyakazi, kila kimoja na picha ndogo ya mtu aliyepigwa mwanga bila kutarajia. Wavinya alivisoma kwa zamu, kama anavyosoma mabango ya mazishi. Kimeu, wa Kalamba. Abdisamad, wa Garissa. Cha tatu kilikuwa na uso nadhifu na kola iliyonyooka.

Mutie Mutiso. Mahali pa kuzaliwa: Mukuyuni.

Alikisoma mara mbili. Kisha akageuka kwenye sinki.

Sinki la chuma lilikuwa la Abdisamad. Masinia ya jana yalikuwa ndani yake na mchuzi umekauka ukingoni. Vikombe vitatu vya chai vilikuwa vimeoshwa na kupinduliwa. Wavinya alivipekua vyote, akasogeza mapipa ya unga, akafungua kabati moja baada ya jingine, akapiga magoti akamulika nyuma ya friji. Hakuna glasi. Saa ya simu yake ilionyesha saa saba na dakika thelathini na tano.

Alitoa kichwa kwenye mlango wa nyuma. "Ismahan. Ndugu yako anaosha glasi za mvinyo?"

"Kwa sinki lake? Afadhali uoshe kiatu. Walibishana wiki mbili, mpaka Kimeu akanunua beseni. Glasi iliyoguswa pombe haiingii kwenye sinki la Abdi. Inawekwa kwa beseni, Mutie anakuja kuosha mwenyewe."

"Beseni gani?"

"La buluu. Chini ya meza ya unga, nyuma ya pazia."

Meza ya kukandia unga ilikuwa na kitambaa cha maua kilichoning'inia hadi sakafuni. Wavinya alikuwa ameipita mara nne. Alikiinua.

Beseni la buluu lilikuwa kavu. Ndani yake kulikuwa na glasi moja ya shingo ndefu, imelala ubavu. Kitako chake kilikuwa na tone la rangi ya damu iliyoganda, na kando ya tone hilo, utando mweupe mwembamba, kama maziwa yaliyokataa kuchanganyika na chai. Ukingoni, alama ya mdomo wa marehemu. Na ndani ya beseni, kuizunguka glasi, inzi saba walikuwa wamelala chali.

Kimeu, mtu wa kanuni, alikuwa ameiweka mahali pake kabla ya kufa. Kisha akaanguka, watu wakapiga kelele, polisi wakafunga mlango, na tangu wakati huo kijana mmoja nadhifu alikuwa akiomba dakika kumi za kuosha vyombo.

Mutie hakujua kwamba mwenyeji huonja kwanza, Wavinya alifikiri akivaa glavu; sumu aliitia kwenye glasi ya mzee, si kwenye chupa. Chuo kilimfundisha kwamba anayeonja kwanza ni mgeni, na nyumba ya mchungaji haikuwahi kuingiza kibuyu cha kumfundisha tofauti.

Aliitia glasi kwenye mfuko wa karatasi, akaufunga, akaandika saa. Saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Akampigia Kilonzo.

"Bosi, zima gari."

"Sababu?"

"Subiri usikate."

Alitoka na simu mkono mmoja na mfuko mkono mwingine.

Mzee Mwau alikuwa pale pale. Mbele yake, kwenye kitambaa cheupe kilichotandikwa upya, ilisimama glasi ya shingo ndefu yenye mvinyo mwekundu hadi nusu. Mutie alikuwa amesimama kando yake, taulo mkononi, mgongo wima, kama chuo kilivyomfundisha.

Miguu ya Wavinya ilitaka kukimbia. Aliizuia.

"Mzee. Umekunywa?"

"Bado, mwiitu wakwa." Sauti ya mzee ilikuwa ya upole sana. "Huyu kijana ameniletea, anasema ni ya pole ya msiba. Nimemwambia sawa, lakini anionjee kwanza, kama Kimeu. Ananiambia yeye ni wa nyumba ya mchungaji, hajawahi kuweka pombe mdomoni. Nikamwambia tone moja tu, Mungu atafumba jicho." Aliisogeza glasi kwa kidole kimoja kuelekea kwa Mutie. "Tangu umeingia huko jikoni amesimama hivyo."

Wavinya aliweka mfuko wa karatasi mezani. Mutie aliutazama. Hakuhitaji kuambiwa kilichomo. Mfuko ulikuwa na umbo la shingo ndefu.

"Jana ulimshika mkono, Mutie," alisema. "Watu tisa walikaa hapa, na ni wewe peke yako uliyejua kuna sababu ya kumzuia."

Kwenye rafu glasi nne zilinyamaza kabisa, maana barabarani hakukuwa na lori.

"Onja," Wavinya akasema.

"Mamangu anaishi kwa jirani," Mutie alisema hatimaye, kwa sauti ya mtoto anayesoma ubao. "Miaka kumi na saba, tangu kesi ya shamba ianze. Kwa jirani."

"Onja, mwana wa Mutiso," mzee akasema, naye sasa sauti yake haikuwa na upole.

Kwenye simu Kilonzo alikuwa akipaaza sauti. "Wavinya! Gari liko langoni. Sababu yenyewe iko wapi?"

"Imesimama mbele yangu, bosi. Imeshika taulo."

Mkono wa Mutie ulinyooka, ukafika karibu na glasi, ukabaki hewani. Kutoka mlango wa jikoni ulioachwa wazi inzi mmoja alipita juu ya meza, akatua kwenye ukingo wa glasi, akajipangusa miguu kama mgeni mwenye adabu, akashuka ndani.

Wote watatu walimtazama. Hakutoka.